Miezi 14.6 na miaka 14.7

Mama mmoja alikaa mbele yangu akiwa ameshika bahasha kubwa ya picha za MRI za mwanawe. Kijana ni dereva wa bodaboda, miaka 34, alianguka kifafa kijiweni na hakuwahi kuugua kifafa maisha yake yote. Kabla sijafungua bahasha aliniuliza: "Daktari, yuko hatua ya ngapi?"

Naelewa swali hilo linakotoka. Saratani ya matiti na ya shingo ya kizazi hupimwa kwa hatua, maana hatari yake ni kusambaa: imeingia kwenye tezi, imefika kwenye ini? Uvimbe unaoanzia ndani ya ubongo ni nadra sana kutoka nje ya ubongo na uti wa mgongo. Ukiacha aina chache kama meduloblastoma ya watoto, hatuupi hatua. Tunaupa jina, kisha daraja la ukali wake, kuanzia la 1 hadi la 4. Na hivyo vyote hutoka kwenye kinyama kilichokatwa, si kwenye bahasha ile.

Mimi ni daktari wa patholojia. Madaktari wa upasuaji hunitumia vinyama, nami navisoma kwenye darubini. Ndugu wa wagonjwa hawanioni mara nyingi, ila huyu mama aliuliza mpaka akaelekezwa chumbani kwangu.

Picha ina thamani kubwa. Inaonyesha uvimbe ulipo, ukubwa wake, na unachokandamiza. Lakini duara linalong'aa pembeni mgonjwa akidungwa dawa ya kung'arisha picha linaweza kuwa glioblastoma, saratani kali ya ubongo, linaweza kuwa jipu, linaweza kuwa TB ya ubongo, au toksoplasma kwa mtu anayeishi na VVU, au lava wa tegu wa nguruwe. Huku kwetu hayo si mambo ya vitabuni. Nimewahi kupokea kinyama kilichoandikwa kwenye fomu "saratani ya ubongo", nikakuta TB. Familia ilikuwa imeshaambiwa imrudishe mgonjwa nyumbani. Mtu aliyehitaji dawa za TB za miezi mingi alikuwa ameshaanza kuagwa. Mpaka leo nikikumbuka roho inaniuma.

(Kwa madaktari wenzangu, neno moja: mkishuku limfoma ya ubongo, yaani saratani ya seli za kinga, na hali ya mgonjwa inaruhusu kungoja, msianze deksamethasone kabla ya kuchukua kinyama. Limfoma huyeyuka kwa dawa hiyo, kisha mnaniletea seli zilizokufa nami sina la kusema. Na kinyama kiwekwe kwenye formalini ya kutosha mara moja, si kwenye maji ya chumvi hadi kesho yake.)

Kinyama cha yule kijana kilifika vizuri. Chini ya darubini seli zake zilikuwa na kiini cha duara kilichozungukwa na uwazi mweupe, kama yai la kukaanga, na mishipa myembamba ya damu ilipishana kama wavu wa banda la kuku. Seli nyingi zilikuwa zikigawanyika. Tangu madaktari wa Marekani Bailey na Cushing walipohusisha sura ya seli na urefu wa maisha ya mgonjwa mwaka 1926, jicho ndilo lililotoa hukumu, na macho ya wataalamu wawili mara nyingi hayakukubaliana. Mwaka 2008 watafiti nchini Marekani waligundua badiliko katika jeni iitwayo IDH1 kwenye baadhi ya vivimbe hivi. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani likaziingiza jeni ndani ya majina yenyewe katika orodha yake ya vivimbe vya ubongo, na toleo la 2021 la orodha hiyo likakaza zaidi: glioblastoma sasa ni uvimbe wa watu wazima usio na badiliko la IDH.

Aina ya badiliko hilo inayoonekana zaidi naweza kuitafuta kwa rangi ya kingamwili kwenye kipande chembamba cha kinyama, bila mashine ya mamilioni. Kwa kijana huyu rangi ilishika. Nikapima protini ya ATRX: ipo. Kama ingekuwa imepotea, ningeelekea jina jingine, astrositoma. Kwa kuwa ipo, nilituma bloku ya nta yenye kinyama kwenye maabara inayoweza kukagua kama kipande cha kromosomu ya 1 na kipande cha ya 19 vimepotea kwenye seli. Majibu yalirudi: vipande vyote viwili vimepotea. Jina likakamilika: oligodendroglioma, daraja la 3.

Jaribio moja la tiba lililoanza Marekani Kaskazini mwaka 1994 linaonyesha kwa nini najisumbua hivyo na jina. Wagonjwa 291 wenye uvimbe wa sura hii waligawanywa: nusu mionzi peke yake, nusu mionzi pamoja na dawa tatu za saratani ziitwazo kwa kifupi PCV. Walipohesabiwa wote kwa pamoja, tofauti ya muda wa kuishi haikuonekana, miaka 4.6 kwa 4.7. Dawa ilionekana haina kazi. Walipotenganishwa wale waliopoteza vipande viwili vya kromosomu, picha iligeuka: miaka 14.7 kwa waliopata dawa, 7.3 kwa waliopata mionzi tu. Dawa ilikuwa inafanya kazi muda wote, ila tulikuwa tumechanganya magonjwa mawili chini ya jina moja.

Linganisha na glioblastoma. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2005, mionzi pamoja na dawa ya saratani iitwayo temozolomide ilitoa miezi 14.6 ya kuishi. Tarakimu ni karibu zilezile, lakini huku ni miezi na kule ni miaka.

Na hata miezi 14.6 si tarehe. Wapange wagonjwa 100 kwa mstari kufuata muda walioishi. Nambari hiyo ni ya aliyesimama katikati. Walioishi zaidi yake ni kama 50, na baada ya miaka mitano karibu mmoja kati ya kumi wa jaribio lile alikuwa bado hai. Wale ambao jeni ya MGMT ilikuwa imezimwa kwenye uvimbe, hivyo uvimbe usiweze kurekebisha madhara ya dawa, walifika miezi 21.7 katikati ya mstari wao. Tena wote walikuwa na miaka 70 au chini, wenye nguvu za kutosha, na mionzi walianza ndani ya wiki chache baada ya upasuaji. Mzee anayesubiri foleni ya mionzi miezi minne hayumo kwenye mstari ule.

Nilimweleza mama hayo yote polepole. Nikamwambia: "Mama, ugonjwa huu ni mzito na unaweza kurudi. Lakini akipata mionzi na dawa zake zote, tunazungumza kwa miaka."

Alinyamaza. Kisha akauliza kama kijana anaweza kurudi barabarani. Nikamjibu hapana, si mpaka daktari wa mishipa ya fahamu aridhike kwamba kifafa kimetulia kwa dawa.

"Pikipiki bado ina deni," akasema. "Imebaki miezi minane."

Tukaita afisa ustawi wa jamii, tukaanza na hilo.