Mtoto akinywa kostiki: maswali ya wazazi

Kostiki, kemikali kali ya kutengenezea sabuni, ikishayeyuka haina rangi, na wengi huiweka kwenye chupa ya maji ya kunywa. Mtoto wa miaka miwili anaona maji tu.

Nimpe maziwa, au nimtapishe?
Usimtapishe kabisa. Kilichounguza umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, kikishuka kitauunguza tena kikipanda, na kinaweza kuingia mapafuni. Maziwa, mafuta na mayai mabichi, ambavyo jirani atavileta kwa nia njema, navyo acha: huleta kutapika na kumzibia daktari asione kidonda. Wala usimpe ndimu. Asidi ikikutana na kostiki hutoa joto. Msafishe mdomo, mvue nguo zilizolowa, mwoshe ngozi kwa maji mengi, kimbia hospitali na chupa yenyewe.

Mbona midomo yake haijaungua?
Mdomo unaweza kuwa mzima huku umio umeungua. Mtazame: udenda unamchuruzika kwa kuwa kumeza mate kunauma, anakataa hata maji, sauti imekwaruza. Akipumua kwa kukoroma, njia ya hewa inavimba. Usisubiri hata dakika.

Hospitalini watafanya nini?
Watalinda pumzi, watampa dripu na dawa ya maumivu. Hawatamwosha tumbo, na wako sahihi. Kisha endoskopi, yaani kamera nyembamba inayopitishwa kooni, ikiwezekana ndani ya saa 24. Wekundu mtupu hupona wenyewe. Vidonda vilivyozunguka umio wote mara nyingi huacha kovu. Umio ukitoboka, ni upasuaji wa haraka.

Aliruhusiwa, sasa wiki ya nne chakula kinakwama. Kwa nini?
Kovu linajikaza na kubana njia. Daktari huipanua kwa puto dogo au mpira maalumu, kisha hurudia kila baada ya wiki chache, pengine kwa miezi mingi. Naomba sana wazazi mvumilie hapa. Mtoto akianza kumeza ugali, wengi huacha kliniki, na kovu hukaza upya. Akipata homa au maumivu ya kifua baada ya kupanuliwa, mrudishe siku hiyohiyo, maana umio unaweza kuwa umetoboka.

Ikishindikana, hulishwa kwa mpira unaoingia tumboni moja kwa moja, hadi daktari wa upasuaji amtengenezee njia mpya kwa kipande cha utumbo mpana au kwa kulivuta tumbo lenyewe hadi kifuani.

Akipona, ndiyo basi?
Umio wenye kovu la kostiki unaweza kupata saratani miaka 20, hata 40, baadaye. Tunza karatasi zake za hospitali na umweleze akikua, ili siku chakula kikianza kumkwama tena ukubwani, daktari ajue pa kuanzia.