Python yako haijaharibika, acha kuifuta

Ijumaa nilikuwa Likoni, foleni ya feri, jua la saa nane, simu ikaita. Mtoto wa kakangu. "Ami, Python imeharibika tena. Nimeifuta na kuiweka upya mara tatu." Unajenga nini? "psycopg2." Hiyo ni maktaba inayoiwezesha Python, lugha ya programu, kuzungumza na hifadhidata ya PostgreSQL. Nikashusha pumzi. Simu za namna hii nimeacha kuzihesabu.

Python ni nzima, jamani. Kwenye Linux, tangu toleo 2.8 la mwaka 2019, psycopg2 huja kama msimbo chanzo, nawe unaukompaili mwenyewe, yaani unaugeuza kuwa programu inayoendeshwa. gcc, yaani kompaila, unayo; python3-dev, faili za Python za kukompailia, weka; tusipoteze muda hapo.

Kinachonikera ni hiki: "Lakini libpq ninayo, Ami!" libpq ni maktaba ya C ya PostgreSQL, ambayo psycopg2 huitegemea. Unayo libpq5. Hiyo ni ya programu iliyokwisha kujengwa, huifungua inapoendeshwa. Kompaila inataka pia faili ya heda, libpq-fe.h, inayoeleza kila funksheni inapokea nini na kurudisha nini. Fundi wa kanzu wa Mji wa Kale hakushonei kwa kusikia tu kwamba uko mjini. Anataka kifua, mabega, urefu. Vipimo hivyo vimo ndani ya libpq-dev, pamoja na pg_config, programu inayoonyesha libpq imewekwa wapi. Na usiingoje pip, kisakinishi cha Python, ikuletee: pip hushughulikia tegemezi za Python, hizi za C ni kazi ya apt, kisakinishi cha mfumo kwenye Debian na Ubuntu. Futa Python mara mia, heda haitaota.

Tena msinitumie picha ya mstari wa mwisho wa ujumbe wa kosa! "metadata-generation-failed" hainiambii kitu. pip yenyewe inakuelekeza utazame juu. Nilipombana apande kwenye mistari ya juu, akasoma kwa sauti: "pg_config executable not found." Imeandikwa wazi, tangu mara ya kwanza.

Mtasema, kwa nini asichukue psycopg2-binary, iliyokwisha kujengwa? Wenyewe walioiandika wanashauri isitumike kwenye seva za kazi, kwa sababu inabeba libssl yake, maktaba ya usimbaji, na ikigongana na ile ya mfumo programu inaweza kuanguka. Mimi ninayo kwenye seva moja, mwaka wa pili huu, haijaniangusha. Nikiulizwa kama nafanya sawa, hukohoa.

Akaandika sudo apt install libpq-dev. Feri haijafika kisiwani, ujumbe ukaingia: "Imekubali!" Halafu mwingine: "Ami, sasa python-ldap inasema haioni lber.h. Nifute Python?"