Lenzi ya maji matamu ni nini?

Kisiwa cha Lamu hakina mto, lakini visima vya Shela, kijiji kisiwani humo, vimeunywesha mji wa Lamu kwa vizazi. Maji yake hayapiti chini ya bahari kutoka bara. Ni mvua, ya masika hasa, iliyozama mchangani na kutulia juu ya maji ya chumvi.

Mchanga wa vilima vya Shela huimeza mvua kabla haijatiririka. Huko chini, ardhi imelowa maji ya bahari yaliyopenya kutoka kila upande. Maji matamu ni mepesi kuliko hayo, kwa hiyo huelea juu yake, yakiwa na umbo la lenzi ya miwani ya kusomea: nene katikati, jembamba kuelekea ufukoni. Baina yao kuna ukanda wa maji ya chumvichumvi, ambao bamvua, yaani kujaa na kupwa kukubwa kwa bahari, huutikisa.

Hesabu yake ndiyo ya kutisha. Tofauti ya uzito ni kama asilimia 2.5 tu; hivyo palipo na mita 1 ya maji matamu juu ya usawa wa bahari, chini yake pana takriban mita 40. Pampu ikiyashusha kwa mita 1 na kuyaacha hapo, chumvi hupata nafasi ya kupanda mita 40. Ndiyo maana kisima kikianza kuonja chumvi, kukichimba zaidi ni kuifuata chumvi iliko. Hufaa visima vingi vya kina kifupi, vitekwe kidogo kidogo.

Nchi ya Maldivi, yenye visiwa karibu 1,200 visivyoinuka sana juu ya bahari, imeyaonja haya. Tsunami ya Desemba 2004 iliingiza chumvi katika visima vya visiwa vingi. Mji mkuu, Male, uliteka lenzi yake mpaka ikaharibika, ukategemea mtambo wa kuondoa chumvi. Moto ulipozuka mtamboni Desemba 2014, India ilipeleka maji kwa ndege na meli.

Si kila kisiwa katika funguvisiwa la Lamu kina vilima kama vya Shela. Kwenye visiwa vya Kiwayu na Ndau watu huvuna mvua kwenye jabia, yaani birika la kukusanyia maji ya mvua.

Kwa hiyo ugomvi wa viwanja vya kujenga kwenye vilima vya Shela si wa mandhari tu, japo wauzaji husifu mandhari. Saruji huizuia mvua isizame, na shimo la choo huchuruzika kule kule yanakotekwa maji.