Umri wa miamba kwa urani na risasi: dhana potofu na ukweli

Dhana: Miamba mikongwe hupimwa kwa kaboni.
Si kweli. Kaboni 14 hupima mabaki ya viumbe, na baada ya miaka kama 50,000 haibaki ya kutosha kupimika. Kwa mabilioni ya miaka inatumika urani, inayogeuka kuwa risasi (ile metali nzito) polepole sana.

Dhana: Hakuna ajuaye risasi iliyokuwemo tangu mwanzo, kwa hiyo hesabu yote ni ya kubahatisha.
Ndiyo maana mwamba haupimwi mzimamzima. Husagwa, huchekechwa, kisha fuwele za zirkoni (madini magumu yanayopatikana mwambani kama chembe ndogo) hutenganishwa kwa uzito na kwa sumaku. Zirkoni inapoumbika hupokea urani na kuikataa risasi, kwani atomu ya risasi haikai vizuri katika mpangilio wake. Risasi kidogo ya kigeni ikiingia, hujulikana kwa isotopu ya 204 (isotopu ni aina za atomu za elementi moja zinazotofautiana uzito, na namba huonyesha uzito huo), ambayo haizaliwi na urani, na kiasi chake hutolewa kwenye hesabu. Adui mkubwa ni uchafu wa maabara. Fuwele moja huweza kuwa na pikogramu chache tu za risasi (pikogramu ni sehemu moja ya trilioni ya gramu), hivyo vumbi la kawaida linatosha kuharibu kipimo.

Dhana: Risasi ikivuja, umri unakuwa wa uongo na hakuna wa kugundua.
Hapa ndipo njia hii inapozishinda nyingine. Ndani ya fuwele moja mna saa mbili za kuhesabia umri: urani 238 huwa risasi 206, na nusu yake huisha kwa miaka bilioni 4.47, urani 235 huwa risasi 207, nusu yake ikiisha kwa miaka milioni 704. Chukua zirkoni ya miaka bilioni 4 iliyopoteza nusu ya risasi yake hivi karibuni. Saa ya kwanza itasoma bilioni 2.3, ya pili bilioni 3.3. Kutokubaliana huko ndiko kunakofichua uvujaji. Uwiano wa risasi 207 kwa 206 nao haukuguswa, maana zote zimevuja kwa kadiri moja, na bado unasema bilioni 4.

Dawa ya uvujaji ipo pia. Fuwele huokwa kwenye nyuzi 900 za Selsiasi kwa saa 48 hadi 60, halafu hutiwa katika asidi ya hidrofloriki yenye joto la nyuzi kama 200 kwa saa 12 hivi. Asidi hula sehemu zilizoharibiwa na mnururisho, ambazo ndizo zinazovuja, na kuacha sehemu nzima.

Dhana: Umri wa zirkoni ndio umri wa mwamba.
Katika Jack Hills, Australia Magharibi, imepatikana zirkoni ya miaka bilioni 4.4. Mwamba ulioibeba ni mchanga na kokoto zilizoshikamana, uliotandazwa miaka bilioni 3 hivi iliyopita. Fuwele ilitoka katika mwamba mwingine uliokwisha kumomonyoka.

Hata mwamba uliotokana na magma (mawe yaliyoyeyuka chini ya ardhi) huweza kuwa na zirkoni zenye kiini cha kale na ganda jipya. Kwa hiyo fuwele hupigwa picha kwanza, tabaka zionekane, ndipo leza inayochimbua sampuli ya kupimwa ielekezwe. Tundu la leza la maikromita 30 (milimita 0.03) likiangukia kiini na ganda pamoja, hutoa umri wa katikati, wa tukio ambalo halikutokea kamwe.