Kabla ya maikrofoni: kuisikia bendi ya King Oliver ndani ya santuri ya 1923

Kila ninapoweka mtandaoni kipande cha jazi ya kabla ya 1925, maswali ya kwanza huwa yale yale. Mbona hakuna ngoma? Besi iko wapi? Wengine huhitimisha kwamba jazi ilizaliwa nyembamba, ikanenepa kadiri miaka ilivyokwenda. Sivyo kabisa. Bendi zilikuwa na ngoma, tena ngoma kubwa, na besi zilikuwepo. Kilichokuwa chembamba ni njia ambayo sauti ilipitia kuingia kwenye santuri. Kazi yangu ni kuhamisha sauti za santuri za zamani kwenda kwenye faili za kompyuta, na leo nataka kuieleza njia hiyo, kwa sababu asiyeijua huisikiliza mashine akidhani anasikiliza bendi.

Nitatumia mfano ninaoupenda kuliko yote: King Oliver's Creole Jazz Band, tarehe 5 na 6 Aprili 1923, mjini Richmond, jimbo la Indiana.

Joe Oliver, aliyeitwa "King", alikuwa mpiga korneti (tarumbeta fupi) wa New Orleans aliyehamia Chicago, mji uliokuwa ukipokea maelfu ya Wamarekani weusi waliokimbia dhuluma na umaskini wa majimbo ya kusini. Bendi yake ilikuwa ikipiga kwenye ukumbi wa dansi wa Lincoln Gardens. Mwaka 1922 alimwita kijana wa kwao, Louis Armstrong, aje kushika korneti ya pili. Klarineti ilikuwa kwa Johnny Dodds, tromboni kwa Honoré Dutrey, piano kwa Lil Hardin, besi kwa Bill Johnson, na ngoma kwa Baby Dodds, mdogo wake Johnny. Ile ilikuwa bendi ya kuchezesha watu. Dansi ikikolea, wimbo uliendelea mpaka kiongozi aone umetosha.

Bendi kali namna hiyo ilifuata nini katika mji mdogo wa viwanda? Jibu ni kesi ya mahakamani. Kampuni kubwa, hasa Victor, zilishikilia hataza za kukata mfereji wa santuri ambao sindano huyumba ndani yake kushoto na kulia. Asiyekuwa na ruhusa yao alibaki na mfereji wa kupanda na kushuka, ambao gramafoni nyingi za majumbani hazikuweza kuupiga. Kampuni ya Starr, watengenezaji wa piano wa Richmond, ikaanza kutoa santuri za kuyumba pembeni kwa jina la Gennett bila kuomba ruhusa. Victor ikaishtaki, na mahakama ikaipa Starr ushindi. Tangu hapo soko likawa wazi kwa kampuni ndogo, na kampuni ndogo zilihitaji muziki ambao wakubwa hawakuujali. Wateja weusi walishajitokeza tangu 1920, mwimbaji Mamie Smith aliporekodi "Crazy Blues" kwa kampuni ya OKeh na santuri ikauzwa kwa wingi usiotarajiwa. Kabla ya hapo, Februari 1917, Victor ilikuwa imerekodi bendi iliyotoa santuri ya kwanza ya jazi, na waliopiga walikuwa Wazungu watano kutoka New Orleans. Waasisi wenyewe wa muziki huu wengi walisubiri miaka kadhaa, maana milango mingi ya studio ilikuwa imefungwa mbele yao. Na msidhani Gennett walikuwa watu wa haki: katika miaka hiyo hiyo ya 1920 kiwanda hicho kilipokea fedha za Ku Klux Klan, kundi la wabaguzi wa Kizungu, kikawatengenezea santuri za nyimbo zao. Mashine zilezile zilifyatua sauti ya Armstrong na sauti ya waliomchukia.

Studio ilikuwa ndani ya eneo la kiwanda, bondeni kando ya mto Whitewater, na reli ilipita karibu sana. Treni ikija, kurekodi kulisimama. Chumba kiliwekwa joto kali kwa makusudi, maana santuri ya awali ilikatwa kwenye bamba la nta, na nta ikipoa hugoma kukatika vizuri.

Sasa mashine yenyewe. Hapakuwa na maikrofoni, wala umeme wowote katika njia ya sauti. Kwenye ukuta kulikuwa na pembe kubwa ya bati, mdomo wake ukiwaelekea wanamuziki. Nyuma ya ukuta ncha ya pembe iliishia kwenye kiwambo chembamba, na kiwambo kilishika sindano iliyokuwa ikichora kwenye nta inayozunguka. Nguvu pekee iliyosukuma sindano ile ni pumzi ya mpiga korneti au kishindo cha kidole kwenye piano. Fundi hakuwa na kitufe cha kuongeza wala kupunguza. Alichoweza ni kuwapanga watu: wewe sogea, wewe rudi nyuma, wewe geuka kidogo. Kumchanganya mwanamuziki na mwenzake kulifanywa kwa miguu.

Hapo ndipo Armstrong anapoingia katika hadithi. Lil Hardin, ambaye baadaye aliolewa naye, alisimulia kwamba kijana huyo alipiga kwa nguvu kiasi kwamba alimfunika Oliver, ikabidi arudishwe nyuma kabisa, mbali na wenzake. Kwa hiyo unapomsikia Armstrong kwenye "Chimes Blues", solo yake ya kwanza kuwahi kurekodiwa, na anapokuwa chini ya Oliver katika nyimbo nyingine, kumbuka kwamba umbali ule ulipangwa na fundi. Udogo wa sauti yake kwenye santuri ni kipimo cha hatua za sakafuni. Ukumbini mambo yalikuwa mengine.

Baby Dodds aliathirika zaidi. Sauti ya chini kabisa ya ngoma kubwa ya miguu iko kwenye mitetemo kama 60 au 80 kwa sekunde, na pembe haikupitisha kitu cha maana chini ya mitetemo kama 200. Kwa hiyo mlio wenyewe ungepotea, lakini kishindo chake kingeirusha sindano nje ya njia na kuharibu nta nzima. Akaambiwa aiache. Katika santuri hizi unamsikia akigonga vibao vya mbao, tik-tik-tak, na kila nikisikia mtu akisema wapiga ngoma wa zamani walikuwa wanagonga mbao tu, huwa nasononeka. Dodds alikuwa mmoja wa wapigaji wakubwa wa New Orleans. Tunachokisikia ni sehemu ya kifaa chake iliyoruhusiwa kuingia chumbani.

Bill Johnson naye aliiweka besi kando akashika banjo. Waya wa chini kabisa wa besi hulia kwa mitetemo 41 kwa sekunde, mbali sana chini ya kile pembe ilichoweza kukishika. Banjo hukata kama wembe, pembe iliipenda. Ndiyo maana bendi nyingi za wakati ule zinasikika kama za banjo na tuba. Tuba ilisikika angalau kidogo kwa sababu mlio wake umejaa sauti za juu, na sikio la binadamu likipewa zile za juu hujijazia lenyewe ile ya chini inayokosekana.

Basi sikiliza "Dipper Mouth Blues", Gennett 5132, ukiwa na hayo kichwani. Ni bluzi ya kawaida: kipande cha baa 12 (mafungu 12 ya mapigo) kinachorudiwa, na kila marudio ni raundi moja. Bendi nzima inaanza pamoja, kila mtu na mstari wake: korneti zinabeba wimbo, klarineti inazunguka juu, tromboni inasukuma kutoka chini. Kisha Johnny Dodds anapewa raundi mbili, wenzake wakigusa pigo moja moja na kunyamaza ili apite. Baadaye Oliver anapiga raundi tatu akiziba na kuzibua mdomo wa korneti yake, sauti inalia "waa-waa" kama ya mtu anayeongea. Sikiliza anavyokaa juu ya noti moja na kuikunja, hana haraka ya kwenda kokote. Wapiga tarumbeta wa kizazi kilichofuata walizikariri raundi hizo noti kwa noti. Karibu na mwisho muziki unasita na sauti ya mtu inapaza, ikimhimiza mpigaji aendelee. Baby Dodds alisimulia baadaye kwamba yeye ndiye aliyesahau kujaza nafasi ile kwa ngoma, Bill Johnson akaiokoa kwa mdomo. Bendi nyingi zilizorudia wimbo huo zimeuweka ukelele ule kana kwamba uliandikwa.

Yote hayo ndani ya muda usiofika dakika tatu. Santuri ya inchi 10 haikubeba zaidi ya hapo, kwa hiyo wimbo uliokuwa hauna mwisho ukumbini ulipewa mwisho studio. Wengi wetu tumezoea kuona dakika tatu kama urefu wa asili wa wimbo. Urefu huo ulitokana na kipenyo cha sahani na kasi yake.

Na kasi ndiyo inayonisumbua zaidi kazini. Tunasema mizunguko 78 kwa dakika kwa mazoea tu. Santuri za miaka ile zilikatwa kwa kasi zilizotofautiana kati ya kampuni na kampuni, wakati mwingine kati ya asubuhi na jioni. Ukikosea kwa asilimia 6 hivi, muziki mzima unapanda au kushuka nusu toni: iliyokatwa kwa 73.6 ukiipiga kwa 78, umeipandisha nusu toni kamili, na wanamuziki watasikika wepesi na wenye woga kuliko walivyokuwa. Njia ninayoitegemea ni kuuliza vyombo vyenyewe. Korneti na klarineti za B-flat hupenda kii (noti ya msingi ya wimbo) za flati. Bendi ya dansi ikitoka kwenye spika zangu katika kii ya B kamili, najua ama ni B-flat iliyokimbizwa ama ni C iliyocheleweshwa, na naanza kurekebisha mpaka piano, tromboni na akili zikubaliane.

Sindano pia. Mfereji wa santuri hizi ni mpana. Unahitaji ncha ya takriban maikromita 75, wakati ya LP, santuri ndefu za baadaye, ni kama 25. Ukitumia ya LP inakwenda kukwaruza sakafu ya mfereji na kuleta mvumo mtupu. Na walio na santuri za wazee nyumbani, ziwe za jazi au za taarab, nawasihi: msizisafishe kwa spiriti. Sahani zile zimetengenezwa kwa shelaki, utomvu wa wadudu wadogo wa miti ya India na Thailand, uliochanganywa na unga wa mawe na masizi. Spiriti huyeyusha shelaki, na mfereji ukiyeyuka umekwenda. Maji safi yaliyotoneshwa, tone la sabuni laini, kitambaa laini, na lebo isilowe.

Mwaka 1925 Victor na Columbia zilianza kutumia mfumo wa Western Electric, wenye maikrofoni na vikuza sauti. Ghafla upeo ukafunguka chini na juu, hadi mitetemo kama 5,000. Watu wa dansi ndio waliofaidi zaidi. Katika rekodi za Duke Ellington za mwishoni mwa miaka ya 1920 besi ya nyuzi ya Wellman Braud inatembea na kugonga, na chumba kinajaa. Armstrong, ambaye bendi yake ya Hot Five ilianza Novemba 1925 bila ngoma wala besi, alipounda Hot Seven Mei 1927 aliongeza tuba, na mpiga ngoma akawa nani? Baby Dodds. Safari hii alisikika zaidi ya vibao.

Badiliko hilo lilitugusa hata sisi, kuliko tunavyodhani. Siti binti Saad alipokwenda Bombay kurekodi mwaka 1928, zama za pembe zilikuwa zimekwisha. Na santuri za mfululizo wa GV ambazo kampuni ya HMV ilianza kuzisambaza Afrika miaka ya 1930 zilileta bendi za dansi za Kikuba, ikiwemo "El Manicero" ya Don Azpiazú iliyorekodiwa New York mwaka 1930, maraka na besi vikisikika wazi. Wanamuziki wa Kongo na wa pwani yetu waliojifunza rumba kwenye gramafoni waliweza kuukamata mdundo wenyewe kwa sababu maikrofoni ilikuwa imeshafika. Santuri zile zingekuwa zimenaswa kwa pembe, nadhani dansi letu lingechukua njia nyingine.

Mdororo wa uchumi nusura uiue biashara yote. Nchini Marekani mauzo yalishuka kutoka zaidi ya santuri milioni 100 mwaka 1927 hadi takriban milioni 6 mwaka 1932. Gennett ilikuwa miongoni mwa zilizozama. Santuri zake ziliuzwa chache tangu mwanzo: "Zulus Ball" ya Oliver, iliyorekodiwa Oktoba 1923, inajulikana kwa nakala moja tu duniani.

Kwa anayetaka kujizoeza sikio, kuna zoezi zuri. Oliver aliurudia "Dipper Mouth Blues" Chicago mwezi Juni mwaka huo huo wa 1923, safari hii kwa OKeh. Wimbo ni ule ule, wapiga korneti, klarineti na tromboni ni wale wale, na pembe bado ni pembe, lakini chumba ni kingine na fundi ni mwingine. Piga zote mbili, moja baada ya nyingine, usijali kwanza nani kapiga vizuri. Fuata klarineti peke yake mwanzo hadi mwisho, kisha rudia ukifuata tromboni. Uone ni chombo gani kimesogea mbele na kipi kimerudi nyuma.