Siku ya 12 na jicho bado limefungwa: maswali kuhusu macho ya vitoto vya sungura

Vitoto vyangu vina siku 13. Viwili havijafungua macho. Nisubiri?

Usisubiri hata kesho. Kitoto cha sungura huzaliwa hakioni na hakina manyoya, na macho hufunguka kati ya siku ya 10 na ya 12. Kisipofungua, kitoe kiotani ukitazame penye mwanga. Jicho zima lililofumba huwa kavu, halina uvimbe. Lenye maradhi limetutumka na kope zimegandana kwa ukoko wa njano. Usaha umejaa ndani, hauna pa kutokea, ndiyo maana wafugaji wengi hawashtuki: hawaoni kinachochuruzika. Mimi huandika tarehe ya kuzaa kwa chaki ubavuni mwa sanduku, kwa sababu kichwa husahau.

Nikivishika, mama hatavikataa?

Sungura aliyezoea watu hajali. Nawa mikono, isugue kidogo kwenye nyasi zake, kisha endelea. Mwenyewe huingia kiotani mara moja au mbili tu kwa siku, dakika chache, ananyonyesha na kutoka. Usidhani amewatelekeza.

Jicho linafunguliwaje?

Chemsha maji, tia kijiko 1 cha chai cha chumvi kwa nusu lita, yaache yawe vuguvugu. Mfunge kitoto kwa kitambaa, miguu ndani, kichwa nje. Lowesha pamba, ikamue, iweke juu ya jicho dakika 2 au 3. Ukoko ukilainika, futa kutoka pembe ya puani kwenda nje, halafu vuta kope kwa vidole viwili taratibu sana. Zikikataa, rudisha pamba. Ukilazimisha utachana ngozi. Usaha utatoka mzito, mweupe kama mtindi. Ufute wote. Kila jicho na pamba yake, la sivyo unahamisha ugonjwa kwa mkono wako. Rudia asubuhi na jioni, maana kope hugandana tena usiku.

Dawa gani nipake?

Ya mrija ya tetrasaiklini asilimia 1, ile ile wanayopakwa watoto wachanga kliniki. Kiasi cha punje ya mchele, mara 3 kwa siku, na usiache siku jicho linapoonekana safi. Mtaalamu wa mifugo atakwambia siku ngapi. Dawa ya matone yenye deksamethasoni iache, jicho likiwa na kidonda huliharibu zaidi.

Na hili nalisema kwa sauti: usimnyweshe sungura amoksisilini, mkubwa wala mdogo. Inaua bakteria wema wa tumboni, anaharisha, anakufa.

Ugonjwa unatoka wapi?

Mara nyingi ni bakteria, hasa stafilokokasi, anayeishi kwenye ngozi na kungoja nafasi. Nafasi yenyewe ni kiota kilicholowa mkojo. Ingiza uso sandukuni: macho yako yakiwasha, yao yamekwisha kuwasha zamani. Toa matandiko yaliyolowa kila unapoyaona, weka maranda makavu makubwa au nyasi laini (si unga wa msumeno, vumbi lake huingia machoni), na uyarudishe yale manyoya ambayo mama alijinyofoa. Baada ya kila uzao sugua sanduku kwa sabuni na klorini, kisha lianike juani hadi likauke kabisa. Mkague na mama pia: titi lenye moto na uvimbe ni kititi, na bakteria huwa yule yule.

Jicho limefunguka lakini limebaki jeupe.

Ni kovu, na mara nyingi halitoki. Mwaka mmoja nilichelewa hadi siku ya 16, nikabaki na dume la jicho moja. Lilikua kama wenzake. Nilijifunza tu kuweka bakuli upande wa kulia, kwa kuwa kila nilipolisogeza kushoto alilikanyaga.