Alfajiri si ya kila mwandishi

Kaa na waandishi wa hapa Mwanza, hukawii kuambiwa kwamba mwandishi wa kweli yuko mezani saa kumi na moja alfajiri. Niliamini hivyo miaka miwili. Simu inalia, nje Kirumba bado giza, nami nasukuma kalamu. Mchana nikirudia daftari nakuta sentensi zimeachwa katikati. Inaniuma kuona vijana wenye kipaji wakiacha kuandika kwa kudhani ni wavivu.

Dhana: Alfajiri ndiyo saa ya waandishi wote.

Ndani ya ubongo kuna saa ya mwili inayozunguka kwa takriban saa 24, na mwanga ndio unaoirekebisha kila siku. Kwetu jua huchomoza kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja karibu mwaka mzima, lakini chini ya jua hilohilo miili haiamki sawa. Wapo wanaochangamka mapema, wapo wanaochangamka jioni, na sehemu ya tofauti hiyo hurithiwa. Umri nao una neno: vijana wengi huchelewa kusinzia, wazee huwahi kuamka. Mimi nachangamka jioni. Kitabu changu kilianza kusonga nilipohamishia kazi saa mbili usiku.

Dhana: Akili ikiwa imechoka haizai kitu.

Hapa nakaa kidogo, maana ndipo niliponufaika zaidi. Mwaka 2011 watafiti Mareike Wieth na Rose Zacks walitoa utafiti wa wanafunzi 428 nchini Marekani. Mafumbo yanayohitaji wazo la ghafla yalifumbuliwa vizuri zaidi saa ambazo mwanafunzi hakuwa katika ubora wake. Maelezo yao ni kwamba akili iliyolegea haichuji sana, hivyo hata wazo la pembeni hupenya. Utafiti mmoja haumalizi mjadala, ila unafanana na yanayonipata.

Sasa alfajiri naenda Mwaloni, soko la samaki kando ya ziwa, bila daftari. Mitumbwi ya dagaa inarudi, taa zinazimwa. Siku moja mama mmoja alijaza ndoo, akaigonga ubavuni mara mbili kwa kiganja ili dagaa washuke, kisha akaongeza kiganja kimoja juu. Sura yangu ya tatu, iliyonikwama wiki tatu, ilianzia kwenye kile kiganja. Niliiandika usiku wake.

Dhana: Usingizi wa saa nane mchana unaletwa na ugali.

Shibe inachangia, lakini mwili hulegea wenyewe muda huo hata kwa asiyekula. Jilaze dakika 20. Ukipitiliza saa nzima utaamka mzito zaidi.

Dhana: Kahawa hufidia usingizi.

Kahawa huziba tu ishara ya uchovu. Uchovu wenyewe haujaondoka. Tena inakawia kutoka. Kwa mtu mzima wa kawaida, nusu ya kafeini huchukua takriban saa tano kuisha, hivyo kikombe cha saa kumi na moja jioni saa nne usiku bado kimebaki nusu mwilini.

Dhana: Ukilazimisha, mwili utazoea saa yoyote.

Muulize mvuvi wa dagaa anayekesha ziwani usiku wa giza. Mchana hulala kwa vipande, maana jua linauambia mwili wake uamke. Kabla hujabadili ratiba, andika wiki mbili pembeni ya kila ukurasa: saa ngapi umeanza, na wapi mkono ulisita.